Barua Iliyomfikia Mzee

Pale ofisini tulimwita Bi Nukta. Hakuna barua iliyotoka mezani kwake kabla hajaipitia mpaka nukta ya mwisho. Mkuu wetu, mtu wa hasira za karibu, alikuwa na deni la shukrani kwake kwa barua pepe zake nyingi ambazo Bi Nukta alizilaza kwanza, zikaamka zimepoa. Meza yangu ya mafaili ilitazamana na yake.

Baba yake, mzee aliyepofuka, aliishi mji wa mbali kwa kaka mkubwa wa Bi Nukta. Mzee alikuwa amemwagiza mke wa kaka huyo amsomee kila kinachotoka kwa binti yake, neno kwa neno, asiruke hata salamu. Wifi alitii. Kila siku baada ya chai alifungua barua pepe za mumewe, akasoma kwa sauti.

Asubuhi moja kaka aliandika tena kuomba Bi Nukta ampokee baba, kwa kuwa mkewe alikuwa karibu kujifungua. Bi Nukta hakuwa amelala kwa maumivu ya jino. Akajibu palepale: hana nafasi, hana nguvu za kufua shuka za mzee anayejikojolea, na kwamba baba huyo, hata alipokuwa na macho, hakuwahi kumwona yeye. Akabonyeza.

Kisha akashika kichwa. "Wifi atamsomea," akasema.

Fundi wa kompyuta akaitwa. Akaeleza kwamba barua za humu ndani kwa ndani huweza kurudishwa, lakini ikishatoka nje haina kamba ya kuivuta. "Ulipoinua kidole, dada, ilikuwa imeshafika."

Bi Nukta akakitazama kidole chake. Nami nikakitazama. Kilikuwa kidole cha kawaida, kina alama ya wino, na kilikuwa kimevuka mito na milima sisi tukiwa tumekaa.

Alipiga simu kwa kaka, ikaita bila kupokelewa. Ya wifi ilikuwa imezimwa. Mkuu, aliyesimama mlangoni, akasema ingefaa iwepo sheria kila barua iweze kurudishwa siku nzima. Fundi akamuuliza kama angependa na wateja wanaomwahidi kazi kwa barua wawe na ruhusa hiyohiyo ya kurudisha ahadi zao. Mkuu akarudi chumbani kwake.

Kabla ya chakula cha mchana simu ikaita. Bi Nukta akaipokea, akaiweka mezani spika ikiwa wazi, sauti ikatufikia sote.

"Mama," alisema mzee, maana binti alirithi jina la bibi yake mzaa baba, "nimeomba nisomewe mara ya pili. Wifi yako analia, nikamwambia soma tu."

"Baba, nisamehe. Hesabu kama sijaandika."

"Usiifute. Lile la macho ni kweli, nilikuwa nawatazama wavulana. La shuka nalo ni kweli. Nikija nitakuja na zangu, nitazifua mwenyewe. Wewe utanipa sabuni tu." Akacheka, cheko la mtu aliyetuliwa mzigo.

Wiki ile ile Bi Nukta alikwenda kumchukua. Nilipowatembelea nilimkuta mzee uani, ameinamia beseni, vidole vikipapasa pindo la shuka kidogo kidogo mpaka vikafika kona, kisha vikaanza upande mwingine. Binti alikaa kwenye kigoda kando yake akimsomea gazeti, haruki hata matangazo. Nilisimama pale getini muda mrefu, nikashindwa kubisha hodi.

Baadaye ofisi ilitaka kuweka mtambo unaozuia kwanza kila barua pepe, ili mwandishi aweze kuirudisha. Mkuu alimuuliza Bi Nukta maoni yake, na sote tulidhani atapinga, maana barua isiyorudi ndiyo iliyomletea baba nyumbani.

"Iwekwe," alisema. "Si kila mtu ana baba kama wangu."