Mama Aliyeomba Nyota Moja

Kazi niliipata kwa sababu ya Kiswahili, jambo lililomshangaza hata baba yangu. Yeye alikuwa mwanajeshi kutoka kaskazini, mimi nikakulia kambini, na hapa Kampala watu wengi wakisikia Kiswahili cha kambini hudhani ni askari, huangalia kwanza mlango uko wapi. Lakini kampuni yetu pale Bugolobi ilikuwa na wateja Wakenya na Wakongo, na hakuna mwingine ofisini aliyeweza kuongea nao bila kutoka jasho.

Tulitengeneza programu ya wauzaji wa soko la mtandaoni. Muuzaji anaifungua kwenye simu, anaona bidhaa ipi inatazamwa sana, ipi imelala, na wateja wamempa nyota ngapi kati ya tano. Kila duka lilikuwa na taa yake: kijani, njano au nyekundu. Nyekundu ilimaanisha soko linakaribia kukufunga. Meneja wetu alizipenda taa zile kuliko watu. Simsengenyi, alikuwa akisema mwenyewe.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mama Mkongo, mkimbizi, aliyeshona magauni ya kitenge ya watoto huko Kawempe. Zamani alizungusha nguo begani mtaa kwa mtaa, mpaka goti likakataa. Sasa anashona ameketi, na bodaboda inapeleka mzigo. Duka lile la mtandaoni likifungwa, hakuwa na goti la kurudi nalo barabarani. Hilo aliniambia siku ya kwanza, bila kulia, kama mtu anayetaja saizi ya kiatu chake.

Nikamfundisha kama kijitabu cha ofisi kilivyoagiza: mteja akipokea mzigo, mpigie simu, muombe nyota. Akaitikia kwa kichwa. Nikaona nimefundisha vizuri, nikaenda kula.

Baada ya miezi miwili taa yake ikawa nyekundu. Karibu kila mteja alikuwa amempa nyota moja. Soko likamwandikia: ndani ya wiki mbili afikishe wastani wa nyota tatu, la sivyo duka linafungwa. Nilikwenda Kawempe nimekasirika, nikiamini anashona ovyo na kuniaibisha. Nikashika gauni, nikalivuta mishono. Ilikuwa imara kuliko ya shati langu. Ndipo nikasoma yale ambayo wateja waliandika chini ya nyota zao. "Mungu akubariki, mama." Nyota moja. "Mtoto amekataa kulivua, amelala nalo." Nyota moja.

"Mama, hawa watu unawaambiaje?"

"Nabapigia simu, nabauliza habari ya batoto, kisha naomba nyota moja."

"Kwa nini moja?"

Alinitazama kana kwamba mimi ndiye sina malezi. "Papa, mutu amekulipa, amekushukuru, na wewe unamuomba tano? Ile ni tamaa."

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Huyu aliinama mpaka akajigonga, na aliyemwinamisha ni mimi. Sikuwa nimemwambia aombe nyota ngapi. Ofisini hakuna aliyefikiria kuliandika, kwa sababu kila mmoja wetu angeomba tano bila kupepesa macho, na ingekuwapo ya sita tungeiomba pia.

Nilimsihi awapigie tena. Alikataa katakata. Kumrudia mtu aliyekwisha kukupa, ukamwomba nyongeza, hilo kwao halifanywi. Basi nikapiga mimi, na sauti yangu hii ya kambini, nikiwataka wanawake nisiowajua waongeze nyota nne. Wengine walikata simu. Mke wa polisi mmoja aliuliza, "Afande, mimi nimefanya kosa gani?" akabadilisha papo hapo. Mwingine, wa Ggaba, akasema alitoa alichoombwa, na neno lake hageuzi.

Nikamwomba meneja aliandikie soko, aeleze. Maoni yapo, yasomwe.

"Ssebo," akasema, yaani bwana, "mtambo hausomi maneno. Unasoma nyota."

Nilitamani kuitupa kompyuta dirishani. Tulikuwa ghorofa ya chini kabisa, isingevunjika.

Wiki mbili zilipokwisha, wastani ulikuwa haujafika hata nyota mbili na nusu. Duka likafungwa Jumatatu asubuhi. Nilimpigia mapema nimwambie mwenyewe, asije akalikuta limefungwa. Akaniuliza kama na mimi nitafukuzwa kazi. Nikasema hapana. "Aksanti Mungu," akasema, na alimaanisha. Ningefurahi zaidi kama angenitukana.

Jumatano meneja aliniita akiwa na furaha. Alikuwa ameweka mchoro wa duka la yule mama kwenye ukurasa wa kuwaonyesha wateja wapya. Taa yetu iliwaka nyekundu wiki mbili nzima kabla duka halijafungwa, akasema, na hakuna ushahidi bora kuliko huo kwamba programu yetu inaona mbali. Akataka maelezo yake kwa Kiswahili kufikia mchana, kwa ajili ya Wakongo.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Kisha nikaketi, nikayaandika, na nikayasahihisha mara mbili ili yasiwe na kosa.