Mashua Iliyokaa Eda

Nilisikia kugonga kabla sijaona kitu. Ko, ko. Kimya. Ko. Dereva wa bodaboda alikuwa amenishusha pale barabara ya kutoka Kibiti inapochoka na kugeuka tope, akageuza pikipiki yake akarudi. Ngurumo yake ilipokwisha kufifia ndipo nikausikia ule mlio mwingine, nyuma ya mikoko, mdogo na wenye subira, kama wa mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua kuwa ina watu.

Nikavua viatu nikaufuata. Mikoko imesongamana upande ule, na asubuhi hiyo ukungu ulikuwa bado haujaamua kuondoka. Kisha miti ikaachana. Kando ya mfereji uliokupwa, juu ya magogo, ilikuwepo mashua ya shangazi yangu, buluu tupu, buluu mpya iliyong'aa hadi ukungu ukaonekana mchafu. Ubavuni mwake alichuchumaa mwanamume mwembamba, sikio kalibandika kwenye ubao, anagonga kwa nyundo ya mti.

"Inajibu?" Ilikuwa sauti ya shangazi kutoka upande wa pili.

"Inajibu," akasema yule bwana. "Lakini inanidanganya."

Shangazi akazunguka tezi, yaani nyuma ya mashua, akaniona. Hakunikumbatia kwa sababu mikono yake ilikuwa na rangi hadi viwikoni. Aliitikia shikamoo yangu akanipa ndoo.

Mumewe shangazi alikuwa akivusha watu katika mifereji ya delta tangu sijazaliwa. Alibeba kina mama wanaokwenda kliniki, walimu, wachuuzi wa kamba na nazi, na mara nyingine bibi harusi na kitanda chake. Masika yalipokuwa yanaisha aliipandisha mashua nchi kavu ili aisafishe. Akaugua, akafariki, na hakuna aliyeirudisha majini. Shangazi akaingia eda. Alikaa ndani, kama ada inavyotaka, katika nguo zisizo na pambo, akisikia maji yakijaa na kukupwa bila kuyaona. Mashua nayo ilikaa pale nje kwenye jua la kiangazi. Mbao zilizozoea maji zikakauka, zikasinyaa, zikaachana.

"Tulikaa eda wote wawili," aliniambia. "Mimi nilikuwa na kivuli, mwenzangu hakuwa nacho."

Sasa mkaguzi wa vyombo alikuwa anakuja. Mashua yoyote inayobeba watu kule haina budi kukaguliwa kila muda wake unapofika, na muda wa hii ulikuwa umepita ikiwa imelala juu ya magogo. Mashemeji zake shangazi walikuwa wamekubaliana naye kwa maneno machache. Mashua ikipita, ibaki mikononi mwake aifanyie kazi. Isipopita, inauzwa kwa seremala wa Ikwiriri anayetaka mbao ngumu za kutengenezea milango. Mkaguzi atakuja siku ya bamvua, maji yatakapopanda juu kuliko siku zote na kuweza kuinyanyua kutoka pale ilipo.

Shangazi hakuona ubaya wa milango. Mlango wa nyumba yake mwenyewe ulitokana na mashua ya kwanza ya marehemu, na matundu ya misumari ya zamani yalikuwa yanapitisha mwanga wa asubuhi hadi kwenye mkeka. Lakini mashua ile ilikuwa imezeeka. Hii, alisema, bado haijazeeka, imelala tu.

Yule bwana mwembamba alikuwa fundi wa kalafati, yaani kazi ya kusindilia pamba yenye mafuta katikati ya mbao ili maji yasipite. Kwao ni milimani, Umatumbini, na shangazi ni Mndengereko wa maji, kwa hiyo walikuwa watani na hawakupumzishana.

"Huyu kwao maji wanayaona kwenye ndoo," shangazi aliniambia, yeye akisikia.

"Na yananitosha," fundi akajibu.

"Hajui kuogelea. Muulize."

"Sijui kuogelea," fundi akakiri, bado sikio liko kwenye ubao. "Ndiyo maana wananiita. Anayejua kuogelea akiona kitundu husema kidogo hiki, kitu gani. Mimi kila kitundu nakiona kaburi." Akasimama, akapangusa magoti. "Sasa niambie, mtani. Nani alikutuma upake rangi kabla sijafika?"

"Moyo wangu."

"Moyo wako una brashi?"

Ilikuwa mzaha, lakini uso wake haukuwa wa mzaha. Akatueleza. Ubao mkavu hutakiwa kwanza unywe maji uvimbe, halafu ndipo pamba iingie mahali palipobaki. Rangi imeziba pumzi ya mbao. Tena imejaza nyufa juu juu, jicho linaona ukuta mzima. Akigonga anasikia uwazi, akitazama haoni ulipo.

"Mkaguzi naye hataona," shangazi akasema, nusu kweli nusu mzaha.

"Hataona. Maji yataona."

Basi tukaijaza maji. Sikuwahi kuona kitu kama kile, mashua nchi kavu inamiminiwa maji ndani, na tangu siku ile nimekuwa nikikifikiria kila ninapokaa mezani kuandika. Maji yanayotoka leo, fundi alisema, yanakuonyesha mlango ambao kesho yataingilia. Tulichota maji ya mfereji ndoo kwa ndoo, taratibu, tukayajaza chini kabisa kwenye ngama, pale maji ya safari hukusanyika, kisha juu kidogo tu, ili uzito usizivunje mbavu. Jirani mmoja aliyepita na kuni kichwani akasimama.

"Mnapika nini humo?"

"Supu ya mkaguzi," shangazi akajibu.

Tukakaa chini tukatazama. Mwanzoni halikutoka hata tone. Buluu ile ilisimama imara, na nikaona shangazi anaanza kutabasamu na kujizuia. Fundi alichomoa mwiba kwenye kigogo akawa anachokonoa nao meno. Jua likapanda. Kisha rangi ikaanza kuvimba. Kwanza lengelenge moja karibu na mkuku, ule uti wa mgongo wa mashua, halafu jingine, halafu mstari mzima wa malengelenge ya buluu, kama kiganja kilichoungua. Fundi akaenda akalitoboa moja kwa ule mwiba wake. Maji yakachirizika, membamba, safi, yasiyo na haraka.

Akautupa mwiba, akarudi kukaa.

Shangazi alikaa kitambo akitazama ule mchirizi. Tulijua sote kwamba mkaguzi hachomi malengelenge ambayo hayapo. Angeweza kuyamwaga maji yale, akangoja rangi ikauke, akapaka tena tabaka moja jembamba, na mashua ikapita, nzuri kama bibi harusi, rangi ikistahimili safari fupi ya mkaguzi. Abiria wake wa kwanza wangekuwa wale kina mama wa kliniki.

Akainuka. Akaenda kwenye boksi la fundi, akachagua kipande cha bati kilichonolewa, akapiga magoti kwenye tope akaanza kukwangua.

Buluu ilitoka kwa vipande vilivyojikunja. Nilitaka kumpokea, akakataa kwa kichwa. Baada ya muda akasema bila kugeuka:

"Siku zote zile nimevaa nguo zisizo na rangi. Nilipotoka nilitaka kitu kitakachoonekana kutoka mbali."

"Kitaonekana," fundi akasema. "Kikizama ndiyo hakitaonekana."

Alicheka yeye wa kwanza, shangazi, kicheko cha puani, bati likiendelea kukwaruza. Nimewasikia watu wengi wakifarijiana, kwa maneno laini na marefu. Sijasikia faraja iliyofanya kazi haraka kama ile.

Siku zilizofuata mashua ilikunywa. Tuliimwagia ndani na nje, tukaivika magunia yaliyolowa kama mgonjwa wa homa, na mbao zikavimba taratibu, zikasogeleana. Ndipo fundi akaanza kazi yake hasa. Aliisokota pamba juu ya paja, akaichovya kwenye mafuta, akailaza kwenye ufa, akaisindilia kwa patasi butu na nyundo yake ya mti. Niligundua kwamba hatazami anapogonga. Mlio huanza mtupu, wa kibuyu, halafu unazidi kujaa hadi unakuwa mfupi na mzito, hapo anahama. Shangazi alikaa ndani ya mashua, kiganja chake kwenye ubao ule ule upande wa pili, na mara kwa mara alisema "bado," au "hapo." Mara moja fundi alihama, shangazi akasema "bado," fundi akarudi, akagonga, akasikiliza, akaongeza pamba.

"Umeanza kunifundisha kazi, mtani."

"Nimekaa nayo ndani ya nyumba miaka yote. Ulidhani marehemu alikuwa anazungumza habari gani na mie?"

Juu ya pamba akapaka deheni, ule mchanganyiko mweupe wa chokaa na mafuta. Mashua ikabaki na mabaka ya buluu na mistari mieupe, na mahali pengine mti mtupu. Shangazi akarudi nyuma akaitazama.

"Kama punda milia aliyekwenda harusini," akasema.

Mkaguzi alikuja siku ya bamvua akiwa amevaa buti za mpira, kijana mpole mwenye sauti ya chini. Aliizunguka mashua mara moja. Kisha alilala kifudifudi kwenye tope na shati lake safi vilevile, akaingia chini ya mkuku na kisu kidogo akawa anadunga mbao moja moja. Nilimheshimu kuanzia hapo.

"Mbona imekwanguliwa?" akauliza kutoka chini.

"Ili uone," shangazi akasema.

Kijana akatoka, akajipangusa kidevu. "Wengine hunipakia rangi."

Fundi akatazama mikoko. Shangazi akatazama maji.

Akataka kuona mtungi wa kuzimia moto, akauona. Akataka maboya ya kuvaa. Shangazi akaingia ndani, akayatoa kwa fahari, mekundu, kila moja kwenye nailoni yake kama lilivyonunuliwa. Hata vumbi halikuwa limeyagusa.

"Mama, mbona yamo kwenye nailoni?"

"Yasichakae."

"Sasa mtu akitumbukia ataomba kwanza mkasi?"

Shangazi akaizingatia hoja hiyo. Kisha akaipasua ya kwanza kwa meno, halafu zote.

"Nahodha ni nani?"

"Mie."

"Umewahi kuiendesha?"

"Marehemu alikuwa akishika usukani watu wakitazama," akasema shangazi. "Wakisinzia, nashika mie."

Mkaguzi alitabasamu kidogo. "Basi leo tutatazama. Hatutasinzia."

Maji yalikuwa yamefika chini ya magogo. Tulingoja. Hakuna mtu aliyeisukuma. Mashua ilitikisika mara moja, kama mtu anayeamshwa, ikatulia, ikatikisika tena, na tukaona kwamba imeelea. Mkaguzi akapanda, majirani wachache wakapanda kuwa abiria, nikapanda. Fundi alibaki nchi kavu amekumbatia boksi lake.

"Mtani, panda," shangazi akamwambia.

"Kazi yangu huishia hapa."

"Na mimi basi siiwashi. Aliyeziba ndiye aanze."

Majirani wakaanza kumcheka. Fundi akaweka boksi chini, akavaa boya, akalifunga kamba zote na kuzikagua tena, akapanda kama anayekanyaga mayai. Akakaa katikati kabisa, mikono miwili imeshika ubao. Shangazi akavuta kamba ya injini. Ilikataa, ikakataa, ikakubali.

Tulikwenda katikati ya mikoko, mfereji ukipinda na shangazi akipinda nao, macho yake mbali, mwili wake umelegea kama mtu aliyekaa jikoni kwake. Pale mifereji miwili inapokutana mkondo huvuta kwa nguvu, na mashua ikalala ubavu kidogo. Hakupunguza mwendo wala hakuongeza. Aliiachia, akairudisha. Lakini ni mimi pekee niliyekuwa namtazama. Mkaguzi na fundi walikuwa wameinama, vichwa vyao karibu vigongane, wanatazama ngama.

Chini kwenye ubao mmoja kulikuwa na tone. Mkaguzi akalifuta kwa kidole. Wakangoja. Tone likarudi, dogo kama jasho la mdomo wa juu. Akalifuta tena. Wakangoja zaidi, mfereji mzima ukapita, na ubao ukabaki na unyevu tu.

"Hiyo itajiziba ikiendelea kunywa," fundi akasema, kwa sauti ya mtu anayejiombea.

Mkaguzi akaendelea kuutazama ubao mpaka tuliporudi na kufunga kamba. Ndipo akamgeukia shangazi.

"Imepita, mama. Ila mpaka mbao zizoee, usijaze watu. Nusu tu. Nitarudi kuiona kabla ya masika."

"Nusu," shangazi akarudia. Akashika ukingo wa mashua kwa mikono miwili, kichwa kainamisha. Kisha akamwinulia fundi uso.

"Mtani, umelowa."

"Jasho," fundi akasema.

Kesho yake niliamka kwa sauti ya maji ya kuogea. Mwanga ulikuwa unaanza kupenya kwenye matundu ya mlango na kuweka vitone kwenye mkeka. Huko nje, kwenye gati la miti, kina mama walikuwa wamekwisha kukusanyika. Niliwasikia wakibishana kwa upole nani apande safari ya kwanza na nani angoje ya pili, kwa kuwa habari ya nusu ilikuwa imewafikia kabla ya jua.

Shangazi alitoka chumbani amevaa kanga ya buluu, buluu ile ile, sijui aliitoa wapi. Alikuwa na boya jekundu begani. Akanitazama nilivyolala, akadhani sijaamka, na kwa kuwa hakutaka kuniamsha aliufungua ule mlango wa mbao za mashua ya zamani polepole, ukalia kidogo tu kama unavyolia siku zote. Alisimama kizingitini pumzi moja. Kisha akashuka, akauvuta nyuma yake, na mlango ukajifunga.