Tulivyoigombania Njia ya Quriyat

Kwa miaka mingi, kila nilipoulizwa kwa nini mwanamke mwenye shahada ya fasihi alijitia katika vita vya mabasi, nilijibu kwamba nilikuwa namsaidia kaka yangu. Nilimwambia hivyo mama, nikawaambia wifi zangu na wakubwa zangu kazini. Nilimwambia hata kaka mwenyewe, naye akanishukuru mpaka nikaona haya. Haikuwa kweli. Njia ile niliitaka mimi. Wenzangu wa umri wangu walitaka nyumba Qurum, karibu na bahari. Mimi nilitaka kusimama kituo cha mabasi cha Ruwi alfajiri, nione basi linaondoka, na nijue kwamba limeondoka kwa sababu nimesema mimi. Leo nasema wazi, na wala siombi radhi.

Nchi nyengine makampuni hugombania kuendesha treni za mkoa mzima. Sisi wa Maskati miaka ile ya tisini reli hatukuwa nayo. Tulikuwa na milima, barabara zilizopasuliwa katikati ya milima, na kila mtu na gari lake. Asiyekuwa na gari alingoja huruma ya mwenye nalo. Miongoni mwa waliongoja ni walimu wa kike waliopangiwa skuli za Quriyat. Walikaa Maskati, wakasomesha huko, na kila siku ya skuli lazima mtu awapeleke alfajiri na awarejeshe mchana. Mtu huyo alikuwa kaka yangu, na mabasi yake madogo.

Walimu walimwamini kwa jambo moja. Kioo cha ndani cha basi lake alikigeuza kikatazama juu ya paa, asione abiria wake, akaendesha kwa vioo vya pembeni peke yake. Askari wa barabarani waliwahi kumsimamisha kwa ajili ya kioo hicho. Walimu wakafungua madirisha wakawagombeza wale askari mpaka wakamwachia.

Kisha ikatangazwa kwamba njia ya Quriyat, pamoja na barabara mbovu ya kuchepukia Yiti, itapewa kampuni moja tu kwa leseni. Wengine wote waache.

"Basi," kaka akasema. "Nauza mabasi, nafungua duka la kanga."

"Hufungui duka la kanga."

"Wewe unajua nini khabari ya mabasi? Hata kuendesha hujui."

Ni kweli, nilikuwa nimeanguka mtihani wa udereva, na si mara moja. Lakini kuandika nilijua. Nikasajili kampuni, nikajipa cheo cha mkurugenzi mkuu, nikaifanya meza ya kulia chakula ya mama kuwa makao makuu. Tulikuwa washindani watatu. Wa kwanza alikuwa mzee mmoja mwenye malori ya mchanga, na tulisikia anaulizia bei ya viti. Wa pili ilikuwa kampuni mpya yenye wenyewe wa ng'ambo na ofisi ya vioo Qurum, zuria lake nene hata miguu inapotea. Wa tatu sisi. Nilipomaliza kurasa za mwanzo za zabuni yetu nilimsomea kaka. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Hii zabuni," akauliza, "au khutba?"

Nikafuta alfajiri yote niliyoieleza, nikaweka nauli na saa. Mwisho nikabandika picha ya mabasi yetu matatu yaliyooshwa yakang'aa, yamepangwa mbele ya nyumba. Picha ile ilikuwa na siri yake. Basi la tatu halikuwa na giaboksi. Lilivutwa kwa kamba kutoka gereji ya Wadi Kabir, likasukumwa mahali pake na binamu zetu, na baada ya picha likavutwa kurudi.

Siku ya kuhojiwa tuliitwa kwenye hoteli moja Qurum, tukakalishwa kwenye viti vya nje ya ukumbi. Hapo ndipo tulipofanya kosa la watu wetu. Sisi tuliorudi kutoka Unguja tuna tabia moja: tukiwa mbele ya watu na tuna la siri, tunalisema kwa Kiswahili, tena kwa sauti. Tunafanya hivyo dukani, hospitali, hata matangani. Tunasahau kila mara kwamba nusu ya Maskati imekaa upande huu huu wa pazia, Kiswahili inakisikia.

"Wakitaka kuliona lile la tatu?" kaka akauliza.

"Wataliona wapi? Watu wamevaa kanzu nyeupe, hawaendi gereji."

"Na wakisema lete tulipande?"

"Nitasema limechukua maharusi, limekwenda Sohar."

"Lile hata maiti halichukui! Halina giaboksi, dada!"

Tukacheka mpaka kaka akafuta macho kwa ncha ya kilemba. Mbele yetu alikaa mwanamke mmoja mwenye mafaili mapajani na kitambulisho cha ile kampuni ya vioo kifuani. Mimi, kwa elimu yangu yote, nilikuwa nimeshaamua kwamba ni Mhabeshi. Mlango ukafunguliwa, wakubwa zake wakaitwa. Akasimama, akanyoosha sketi yake, akatuinamia kidogo.

"Samahani madam," akasema. "Mimi ni Mkenya. Punguzeni sauti kidogo."

Akaingia ukumbini nyuma ya wakubwa zake, na mlango ukafungwa.

Kaka alibadilika rangi. "Lahaula! Tuondoke."

"Hatuondoki."

"Saa hizi anawaambia! Tutafedheheka mbele za watu."

"Basi tuwaambie sisi wenyewe."

"Una wazimu?"

Wazimu nilikuwa nao, lakini pia nilikuwa na hasira, na hasira ndiyo iliyonibeba. Sikuwa na hasira na yule mwanamke. Nilikasirika kwamba nilijipamba kwa basi bovu, kana kwamba yale mazima hayakutosha kujivunia. Walipotoka wale wa kampuni ya vioo, uso wa yule mwanamke haukuonyesha kitu. Tukaitwa.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mzee mwenye miwani mizito. Akaifungua zabuni yetu penye picha, akatutaka, kwa Kiarabu, tumweleze khabari za mabasi yetu matatu.

"Ni mawili," nikasema. "La tatu bovu. Picha inalipendelea."

Kaka akanikanyaga mguu. Nikaendelea. Nikasema kama kamati inataka mabasi mazuri, maduka yako wazi, tutoke sote tukayatazame. Kama inataka walimu wafike skuli, hao wanafika, na anayewafikisha ndiye huyu anayenikanyaga. Nikawasimulia siku wadi, lile bonde la mto mkavu, ilipojaa maji, barabara ikakatika, kaka akakaa nao upande wa pili mpaka maji yakapungua, hakumwacha hata mmoja apande gari la mtu asiyemjua.

Mzee akavua miwani. Akaacha Kiarabu, akaniuliza kwa Kiswahili cha Mji Mkongwe kabisa:

"Mwanangu, umekuja kushindana au kutubia?"

"Nimekuja kushindana, baba. Kutubia nitatubia nikishinda."

Wajumbe wawili wakacheka. Wengine wakawatazama hao waliocheka, wakingoja kutafsiriwa.

Nje nilimkuta yule Mkenya ameinama kwenye mtungi wa maji, anajaza kikombe.

"Uliwaambia?" nikamuuliza.

"Niwaambie nini? Hawakuniuliza. Wao walifikiria mnaongea Kiarabu." Akanywa. "Na si afadhali yenu iko gereji, madam? Yetu hata haijapanda meli." Hapo akaziba mdomo. "Ai! Hiyo hujasikia."

"Sijasikia nini? Mimi Kiswahili sikijui."

Akacheka peke yake mpaka kwenye lifti.

Tukangoja. Kaka aliacha kula wali, kwake hiyo ni dalili ya maradhi. Walimu walimuuliza kila alfajiri, naye akajibu "kheri inshallah" bila ya kugeuka. Mimi kazini nilisahihisha ripoti moja hiyo hiyo kutwa nzima. Mama peke yake ndiye aliyetulia. Alisema njia ni ya Mungu, wala hatoi leseni.

Simu ililia nyumbani kwa mama baada ya adhuhuri. Nilipokea mimi. Alikuwa mwenyekiti mwenyewe.

"Mwanangu, kamati imeelekea kuipa njia kampuni kubwa. Ile ya Qurum."

Kaka alikuwa amebandika sikio karibu na langu. Nikamwona anafumba macho.

"Kheri," nikasema. "Mabasi yao yanaanza lini?"

"Yatakuja."

"Yako wapi, baba?"

Akakohoa. "Ndiyo nikapiga simu. Nyinyi endeleeni kwa muda, mpaka yafike."

Kaka akafumbua macho, akaniashiria kwa kichwa kwa nguvu: kubali, kubali! Ilikuwa riziki ya miezi kadhaa, na mtu mwenye akili angeishika kwa mikono miwili.

"Kwa muda hatuendelei," nikasema.

"Umesemaje?"

"Mwenye njia ndiye awapeleke walimu. Kesho alfajiri watakuwepo Ruwi kama kawaida. Nitawapa nambari yenu ya simu, wawaulize nyinyi."

Kaka alikaa chini, pale pale kwenye sakafu. Nikasikia mkono umeiziba simu upande wa pili, na sauti za watu wanabishana nyuma yake. Lau mzee angekata simu wakati ule, ningekuwa nimemfilisi kaka yangu kwa kiburi changu, na hilo nililijua vizuri nilipokuwa nalisema.

"Una mabasi mawili tu, mwanangu," mzee akasema aliporudi.

"Na wao wana mangapi?"

Nikasikia anafunua karatasi.

"Unataka nini?"

"Leseni kamili. Miaka miwili. Quriyat na Yiti."

Akapumua kama mtu aliyepanda ngazi. "Leseni haijatiwa saini bado," akasema polepole, na nyuma yake wale waliokuwa wakibishana wakanyamaza. "Njooni Jumamosi asubuhi, tuiandike kwa jina lenu. Na uje wewe mwenyewe, usimtume kaka yako."

"Ningekuja tu," nikamwambia.