Kabati la Mishumaa la Wifi

Nyumba ya kaka yangu ulikuwa unainusa kabla hujaiona. Ukikata kona ya duka la vipuri tu, inakupokea: vanila, au yasmini, au ile lavenda ambayo mimi ilikuwa inaniuma kichwa mpaka meno. Wapangaji wenzetu walimpa wifi yangu jina la Mama Manukato, na yeye akalipokea kama amepandishwa cheo. Mimi nilimwita wifi. Siku za hasira, ambazo kwangu si chache, nilimwita Kiwanda.

Tulitenganishwa na ukuta mmoja, tena ukuta wenyewe mwembamba. Mimi ni msusi, nasukia watu barazani kwangu, hivyo mchana kutwa nilikuwapo, na jioni nilisikia ya kwao kuliko ninavyosikia ya kwangu. Mtu akiniita mbea sikatai. Lakini ukuta sikuujenga mimi.

Kazi ya wifi ilikuwa kuosha utumbo machinjioni. Anasimama kwenye sinki refu la saruji tangu asubuhi, bomba linamwaga, na wenzake wanamletea ndoo baada ya ndoo. Aproni na buti za mpira aliziacha kule kule, akabadili nguo, akajipaka losheni hadi masikioni, lakini harufu ile haikuwa na aibu, ilimfuata mpaka nyumbani. Watu waliokaa naye benchi moja walijisogeza kidogo kidogo wakijifanya wanatafuta kivuli. Kwa hiyo alikuwa na tabia moja ambayo mwanzoni iliniudhi: ukizungumza naye, hakuangalii macho, anaangalia pua yako. Anangoja aone kama itakunjamana.

Kaka ni fundi wa makochi. Walikutana siku alipokwenda machinjioni kuuliza ngozi ya kuvalishia viti, wakamcheka sana, kwa sababu ngozi ya pale ni mbichi, inatoka damu, na yeye kavaa shati jeupe kama anakwenda kuposa. Wakati wa chakula akamkuta wifi amekaa peke yake nyuma ya jengo na sahani yake. Akaketi karibu naye, bega kwa bega, akaomba chumvi. Wifi akamwangalia pua muda mrefu. Haikukunjamana. Alinisimulia mwenyewe habari hiyo zaidi ya mara moja, na kila mara alipofika hapo sauti ilimbadilika.

Walipooana, kaka alinivuta pembeni akaniambia neno moja: katika nyumba yake hakuna kuzungumzia harufu. Mbaya au nzuri, ya mtu au ya mboga iliyoungua, tusizungumze. Aliniambia wifi alilia sana kwa ajili ya jambo hilo kabla ya kumpata yeye, na hataki kumwona analia tena. Nikakubali kwa shingo upande. Mimi na mdomo wangu!

Mishumaa ilianza na mmoja tu, zawadi ya msimamizi wake kazini, sijui kama ilikuwa zawadi au dokezo. Wa kwenye glasi, rangi ya maziwa, vanila. Wifi aliuwasha jioni ile, akakaa kitandani na kaka, na kwa mara ya kwanza, aliniambia, alisahau kazi anayofanya. Basi, ndiyo ikawa hivyo. Kabati la vioo ambalo wengine hupangia sahani za wageni, yeye alipangia mishumaa: waridi, mdalasini, limau, kahawa, mvua eti (mvua ina harufu gani hiyo ya kuwekwa kwenye glasi?). Dukani kila mshumaa aliunusa kwanza ukiwa baridi, amefumba macho, akaurudisha, akaenda kunusa mwingine, akarudi. Muuzaji alishazoea kumwekea kiti.

Na alikuwa anajua kuitunza, hilo sitamnyima. Utambi aliukata kwa mkasi wa kucha kila kabla ya kuwasha, usije ukatoa moshi. Mshumaa mpya hakuuzima mpaka nta yote ya juu iyeyuke kutoka ukingo hadi ukingo. Alisema ukiuzima mapema unachimbika shimo katikati, na kuanzia hapo utawaka vibaya maisha yake yote. Kulikuwa na jioni nilizoingia pale nikakuta mwanga ule wa chini, na wifi ameegemea bega la kaka bila kumwangalia pua mtu yeyote, nikasahau kejeli nilizokuja nazo. Ilikuwa nyumba yenye furaha. Nasema kweli tupu, na inaniuma kusema.

Kikohozi ndicho kilichonitia wasiwasi.

Kaka alikuwa na kifua tangu utoto, na karakana ya makochi haikumsaidia, kwa vumbi la sponji na gundi. Asubuhi alikohoa kidogo, hilo nililizoea. Lakini nilianza kusikia kikohozi cha jioni. Kinakuja muda mfupi baada ya harufu kupenya kwenye nyufa za ukuta wangu. Kwanza kikohozi, halafu ile sauti ya kifua kulia filimbi, halafu maji yakimiminwa kwenye glasi, halafu kaka anacheka kwa nguvu ili wifi asiulize. Nikajiambia ni mawazo yangu. Halafu wifi akasafiri kwenda kumuuguza mama yake, kabati likafungwa, na ukuta ukanyamaza. Siku zote alizokuwa safarini kaka alilala kama mtoto. Jioni aliyorudi, akawasha yasmini kwa furaha ya kufika nyumbani, na filimbi ikaanza tena. Nilikuwa nasuka kichwa cha mtu, nikajikuta nimeshika nywele tu, sisuki.

Mbaya zaidi, wifi naye alikisikia kile kikohozi, na alimpenda mumewe. Akaenda dukani akaeleza, wakampa mshumaa wa mkaratusi, wa kufungua kifua. Akauweka kwenye kimeza cha kitandani, upande wa kaka, karibu na mto. Kila jioni aliuwasha wa kwanza. Na kaka, mume mwema yule, akamwambia asante.

Nilimburuta kliniki mwenyewe, siku alipobanwa akiwa karakana na vijana wakamleta wamemshika kwapani. Daktari alikuwa mama mfupi asiye na maneno mengi. Akamsikiliza mgongo, akampa inhela mpya ya kuvutia dawa, akauliza nyumbani tunachoma nini ndani. Mkaa? Hapana. Udi? Hapana. Mishumaa ya manukato? Kaka akaangalia viatu vyake.

"Duka zima," nikajibu mimi.

"Itoke," daktari akasema. "Yote. Na marashi pia. Kifua hiki kikibana tena hivi katika chumba kilichofungwa, unaweza usifike hapa."

Njiani kaka alitembea mbele yangu hadi tulipokaribia kona ya duka la vipuri, akasimama.

"Mdogo wangu, usimwambie."

"Nisimwambie? Umesikia alichosema yule mama?"

"Nimesikia. Lakini nikimwambia azime mishumaa, yeye atasikia kitu kimoja tu. Kwamba ananuka."

"Basi asikie hivyo, kaka! Asikie, anune, alie, na wewe uwe hai!"

"Hujui unachosema," akaniambia, tena kwa upole, ndiyo maana nikazidi kukasirika. "Nitafungua dirisha."

Dirisha! Kesho yake wifi aliporudi kutoka kazini sikumpa hata nafasi ya kukaa. Nilimmwagia yote: daktari, kifua, mkaratusi ule wa kitandani. Alinisikiliza akiangalia pua yangu.

"Wifi," akasema taratibu, "tangu nimeolewa hapa unaipigia kelele mishumaa yangu. Leo umeitafutia na daktari."

"Muulize mumeo."

Akamwita. Kaka akatoka na sindano ya kushonea viti mdomoni, akaitoa, akatuangalia mmoja mmoja. Nilimkazia macho. Nilitaka aseme sentensi moja tu.

"Daktari kasema vumbi la sponji," akasema kaka. "Mishumaa haina neno. Mimi mwenyewe naipenda." Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, akakimeza mpaka macho yakamtoka machozi.

Wifi hakuwa mjinga. Aliyaona yale machozi. Jioni ile nilimsikia anafungua kabati, glasi zinagongana, boksi linasukumwa uvunguni. Asubuhi nyumba haikunukia chochote. Nilijipongeza, sitaki kudanganya. Nikasuka wateja wangu nikiimba. Kaka alipumua, akapanda ngazi za karakana bila kusimama katikati, na mimi nikaona kazi imekwisha.

Kumbe ndiyo inaanza. Wifi alianza kuoga mara mbili, bafu la uani, kwa brashi ya kusugulia nguo. Akitoka kazini hakuingia ndani kabla ya kuoga, hata mvua inyeshe, hata kaka amsubiri mlangoni na mwavuli. Halafu akatandika godoro sebuleni. Halafu akawa anakula kizingitini, upande ambao upepo unaelekea nje. Mikono ilimchubuka hadi viwikoni. Nilipomwambia aache ujinga, hakuna anayemnusa, alinijibu, "Wewe ndiye uliyesema, wifi. Sikulaumu. Ni afadhali nijue."

"Mimi nilisema mishumaa!"

"Ndiyo, mishumaa," akasema. Akaingia zake bafuni.

Kaka alikuja kukaa barazani kwangu, kwenye kiti cha wateja. Kifua chake kilikuwa safi na uso wake umenyauka. Akaniambia mke wake halali tena naye. Akimshika mkono, anauchomoa. Amemwambia ameelewa vibaya, amemwambia hana kasoro, amemwapia, lakini wifi anatikisa kichwa na kusema anajua mumewe anamwonea huruma tu.

"Atazoea," nikamwambia. "Bora mke wa sebuleni kuliko mjane wa chumbani."

Hakucheka. Alikaa anatazama uwazi wa chini ya mlango wake, ambako ncha ya godoro ilionekana. Kisha akasema, "Kuna njia moja tu atakayoamini." Nikadhani anataka kumtafutia kazi nyingine. Nikasema wazo zuri.

Siku ile nilikwenda mjini kununua nywele za kusukia. Nilirudi alasiri, jua bado kali, mifuko mikono yote miwili. Nilipokata kona, harufu ikanipiga usoni. Siyo vanila, siyo yasmini, siyo mdalasini. Ilikuwa yote kwa pamoja, nzito, tamu. Nikadondosha mifuko pale pale nikakimbia.

Uani, mlango wa bafu ulikuwa umefungwa, maji yanamwagika, na wifi anaimba. Sikuwa nimemsikia akiimba tangu boksi la mishumaa liingie uvunguni.

"Wifi! Kaka yuko wapi?"

"Yuko ndani!" akaitikia, sauti imejaa kicheko. "Kanifanyia mambo makubwa leo, wewe acha tu! Ameiwasha yote mwenyewe! Usiingie bwana, leo si zamu yako!"

Niliingia. Madirisha yalikuwa yamefungwa na mapazia yamevutwa, ili mwanga uonekane na harufu isitoroke. Mishumaa ilikuwa kila mahali, mezani, sakafuni, juu ya redio, kando ya godoro ambalo kaka alikuwa amelikunja na kuliegemeza ukutani, kwani halitahitajika tena. Alikuwa amezipunguza tambi kwa mkasi, moja moja, kama alivyomwona mkewe akifanya. Na kaka yangu alikuwa kwenye kochi alilolishona kwa mikono yake, shati jeupe limepigwa pasi, kichwa kimelalia mkono wa kochi, inhela imemdondoka kutoka vidoleni. Midomo yake ilikuwa na rangi ambayo sitaisema.

Nilimvuta kwa kwapa mpaka barazani. Sijui nilipata wapi nguvu. Nilipiga kelele mpaka wapangaji wakatoka, mmoja akakimbilia gari, mwingine akamfungua vifungo, mimi namwita, kaka, kaka, nampepea kwa kitambaa cha kusukia. Hakushtuka. Jirani aliyewahi kufanya kazi hospitali akaweka sikio kifuani kwake, akalitoa, akaliweka tena. Kisha akanishika mkono ule wa kupepea akaushusha chini.

Bafu likafunguka. Wifi alitoka amejifunga taulo, povu limejaa mabegani, akatuona. Hakukimbia kuja. Alisimama hatua kadhaa kutoka kwetu, mikono ameibana kifuani, hata wakati ule, hata mbele ya yule maiti, anaogopa kusogea kabla hajajisuuza.

"Aliniita, wifi," akasema. "Nilipotoka kazini nikachungulia mlangoni, aliniita, akaninyooshea mkono. Nikamwambia asubiri kidogo, nikaoge kwanza."