Baba Aliyetaka Maseneta Wateuliwe

Mdogo wangu alikufa Rangwe, siku ya soko, akiwa kwenye msafara wa mtu aliyekuwa akitafuta useneta. Alikuwa mwendesha bodaboda pale kwetu Magunga. Wiki hiyo yeye na wenzake walikuwa wamejaziwa mafuta, wakavalishwa fulana zenye picha ya mgombea, wakaambiwa watangulie magari wakipiga honi. Hakuwa hata mfuasi wa yule mtu. Aliniambia hivyo kwa simu asubuhi ile, mimi nikiwa kibandani kwangu Suna, ninakoshona sare za shule.

"Dada, mafuta ya bure hayakataliwi," alisema akicheka. "Lakini kura yangu iko kwingine."

Yaliyotokea nilielezwa baadaye na rafiki yake aliyekuwa amepakiwa nyuma. Walipofika sokoni, gari la mbele lilisimama ghafla kwa sababu mgombea aliona umati akataka kuusalimia. Pikapu iliyobeba vipaza sauti ikafunga breki nyuma yake. Mdogo wangu alikuwa amegeuza kichwa kumwita mwenzake, na pikipiki ikaingia chini ya pikapu. Rafiki yake alirushwa kando, akavunjika mguu. Aliniambia kwamba kilichomkaa moyoni kuliko maumivu ni muziki. Watu walikuwa wakimvuta mdogo wangu kutoka chini ya gari, na wimbo wa kampeni ulikuwa bado unalia juu ya vichwa vyao. Haukuzimwa mpaka mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani, alipovua kiatu akaanza kumpiga nacho dereva.

Tulimleta nyumbani kutoka mochari ya Homa Bay tukamlaza uani, chini ya hema. Mgombea alikuja kwenye mazishi. Kwetu hilo si jambo la kushangaza. Kukiwa na uchaguzi, mazishi ni mkutano. Alileta ng'ombe, akaleta na vipaza sauti vyake mwenyewe pamoja na jenereta. Alipopewa nafasi alisema maneno mawili matatu kuhusu kijana wetu, akakosea kijiji chake, kisha akaanza kumshambulia mpinzani wake. Vijana walianza kupiga miluzi. Wengine walikuwa wamevaa zile fulana, kama ile ambayo mhudumu wa mochari alituambia alilazimika kuikata kwa makasi mwilini mwa mdogo wangu.

Baba alikuwa amekaa karibu na jeneza. Miaka yote ya kazi alikuwa karani wa ushirika wa pamba, mtu wa shati lililopigwa pasi na sauti ya chini. Sikuwahi kumwona akifanya kitu cha aibu mbele ya watu. Aliinuka taratibu, akazunguka nyuma ya hema ilikokuwa jenereta, akaizima. Sauti ya mgombea ilikatika katikati ya sentensi. Sote tulimsikia baba akisema, bila kupaza sauti, "Mheshimiwa, mwanangu hapigi kura."

Kisha mgombea akacheka kidogo, akasogea mbele, akaendelea bila kipaza sauti. Na watu wakavuta viti karibu ili wamsikie. Hilo ndilo lililomvunja baba moyo. Aliwatazama majirani zake wakivuta viti.

Yule mtu alishindwa uchaguzi. Hatukumwona tena.

Siku ya kupiga kura, mama aliamka mapema, akavaa gauni lake la kanisani ingawa haikuwa Sabato, akaenda kupanga foleni kwenye shule ya msingi. Mimi nilikuwa nimekuja nyumbani kwa sababu hiyo hiyo. Baba hakutoka. Tuliporudi tulimkuta chini ya paa la jikoni, na kidole cha mama kilikuwa na wino. Baba alikitazama kile kidole kama vile kina damu.

"Umeenda," alisema.

"Nimeenda," mama akajibu.

"Baada ya yote haya."

"Kwa sababu ya yote haya."

Hapo ndipo yalipoanza mabishano yao, na yaliendelea miaka yote iliyobaki ya ndoa yao. Baba alikuwa amefikia uamuzi wake: maseneta wasichaguliwe na wananchi. Kama seneta anaenda Nairobi kuisemea kaunti, basi kaunti yenyewe imteue. Wawakilishi wa wadi wakae na gavana kwenye chumba, wamtazame mtu elimu yake na tabia yake, wamtume. Alisema ziko nchi ambazo zimewahi kufanya hivyo. Alikuwa amesikia redioni.

"Watu wachache kwenye chumba," alikuwa akisema. "Hakuna msafara. Hakuna muziki. Hakuna mtoto wa mtu anayewekwa mbele ya gari."

Mama alikuwa akichambua maharagwe, au akikamua mbuzi, au akifanya chochote kile, na hakuwahi kusimamisha mikono yake ili kumjibu. "Na hao wa chumbani, mimi nitawafikia wapi? Mlango ukifungwa nitajuaje wanasema nini?"

"Na sasa mlango ukiwa wazi unajua nini? Unajua wimbo tu."

"Baba watoto, mimi nilikuja hapa nikiwa msichana. Shamba lina jina lako. Ng'ombe ni wako. Hata mti nikitaka kuukata nakuuliza. Ile karatasi ya kura tu ndiyo sijawahi kumwonyesha mtu. Unataka nimpe nani?"

Baba hakuwa akimpinga mama kwa ubaya. Alikuwa akipinga soko la Rangwe. Kila alipofunga macho aliliona, na alitaka utaratibu wowote duniani ambao haungepita pale. Alijaribu kupiga simu kwenye kipindi cha asubuhi cha redio. Siku moja alipata nafasi, akajieleza vizuri kabisa, na mtangazaji akamuuliza, "Mzee, kwa hiyo unataka tunyimwe haki yetu?" Kisha akakata simu akaweka wimbo. Baba alibaki ameishika simu sikioni.

Uchaguzi uliofuata ulipokaribia, baba alipata matumaini, na ninasikitika kusema kwamba matumaini hayo yalikuwa mimi. Katika bunge la kaunti, mbali na wale wanaochaguliwa na wadi, kuna viti ambavyo watu wake huteuliwa na vyama kulingana na wadi ambazo kila chama kimeshinda. Wazee wa chama wa upande wetu walitakiwa kupendekeza mwanamke. Baba aliitisha mkutano chini ya paa lile lile la jikoni, akanisemea: nimesoma hadi chuo cha ufundi, nimefundisha wasichana wengi cherehani, siibi, sigombani na mtu. Wazee wakakubali. Nilikubali pia. Nilijiambia kwamba nikiingia mle ndani nitasimama siku moja nizungumzie vijana wanaokodishwa kwa mafuta ya pikipiki. Nilikuwa nimeshaanza hata kuitunga hotuba yenyewe nikiwa kwenye cherehani.

"Unaona?" baba alimwambia mama. "Bila kelele. Watu wazima wamekaa, wamemtazama mtu, wamesema ndiyo."

Mama alisema, "Naona." Akanitazama mimi, si yeye. "Nyara, binti yangu, nakuombea. Lakini mimi nitapiga kura yangu vilevile."

Alipiga. Baba hakupiga. Chama kilishinda wadi nyingi, na tukangoja. Majina yalipotangazwa, langu halikuwemo. Kiti cha upande wetu kilikwenda kwa mwanamke ambaye hakuna mtu Magunga aliyewahi kumwona, aliyekuwa akiishi Nairobi, na ambaye watu walisema ni mtoto wa dada wa mkubwa fulani. Kama ni kweli au ni uvumi, sijui hadi leo. Hilo ni mojawapo ya mambo ya chumba kilichofungwa: huwezi hata kumlaumu mtu kwa uhakika.

Baba alitaka twende Homa Bay tukaulize. Nilimwambia, "Baba, tuache." Alikuwa ameshavaa koti.

Ofisi ya chama ilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Tulimkuta mwanamume mmoja akila samaki kwa ugali, peke yake, na alitukaribisha vizuri, akatuvutia viti. Hakuwa mtu mbaya. Baba alieleza kila kitu kwa utaratibu wake wa ukarani: mkutano ulikaa lini, nani alisema nini, wazee walikubaliana vipi. Yule mtu alisikiliza mpaka mwisho huku akitoa miiba.

"Mzee," alisema, "nimekuelewa. Lakini niambie kitu kimoja. Kama huyu binti yako angegombea wadi na akashindwa, ungesema ameibiwa kura. Ungeenda kortini, ungepiga kelele, labda ungeshinda. Sasa hapa ameibiwa nini?"

Baba akanigeukia, akanitazama.

"Hakuwa na kitu," yule mtu akaendelea kwa upole. "Alikuwa na jina lililotajwa mahali. Waliolitaja ni wazee wa kijiji. Walioteua ni wengine. Mimi mwenyewe siwajui wote."

"Nani anawajua?"

"Mzee, karibu samaki."

Tulishuka ngazi. Baba alishika ukuta kwa mkono mmoja njia yote hadi chini. Nje jua lilikuwa kali na ziwa liling'aa mwisho wa barabara. Alisimama akilitazama muda mrefu, watu wakimpita. Nilifikiri atasema mama alikuwa sahihi. Hakusema. Alisema, "Basi hakuna pa kwenda." Nilimuuliza ana maana gani, akasema amechoka, tutafute chai.

Presha yake ilikuwa mbaya tangu mazishi ya mdogo wangu. Mvua za masika zilipoanza, alipatwa na kiharusi akiwa anafungua zizi. Upande wa kulia ulikufa na maneno yakampotea. Alielewa kila kitu, tuliliona hilo machoni, lakini kinywani ilitoka sauti moja tu isiyo na umbo. Nilifunga kibanda changu kwa muda nikarudi Magunga kumsaidia mama kumgeuza na kumwogesha.

Kilichonishangaza ni mama. Asubuhi alikuwa akimketisha kwenye kiti, anamfuta mdomo, anafungua redio karibu naye. Bungeni walikuwa wanazozana tena kuhusu kazi ya maseneta. Mama alisikiliza kidogo, kisha akaanza kubishana. Lakini baba hakuweza tena kujibu, kwa hiyo mama akawa anajibu pande zote mbili.

"Baba yenu anasema hawa wangeteuliwa wangekuwa na adabu," alisema siku ya kwanza niliyomsikia, akinigeukia kana kwamba anatafsiri. "Mimi nasema hapana. Anasema, je, Rangwe? Mimi nasema Rangwe siijibu, Rangwe haina jibu, lakini wale wa chumbani walimfanyia nini binti yetu?" Akamtazama baba. "Anasema wale si watu aliokuwa anawafikiria. Alikuwa anafikiria watu wazuri." Akachukua kitambaa akamfuta tena. "Sasa mimi nitamjibu nini? Na mimi ninapopanga foleni huwa nafikiria watu wazuri."

Baba alitoa ile sauti yake. Mama akasema, "Ndiyo, nimesikia."

Hakuwahi kumfanya baba ashindwe katika mabishano hayo. Nilimsikiliza kwa majuma mengi, na kila mara alimpa hoja nzuri kuliko alizokuwa nazo mwenyewe baba alipokuwa mzima. Wateja wangu Suna huniuliza nasimama wapi, kwa kuwa wanajua niliwahi kutajwa. Huwaambia kwamba nimeona kura ikimuua mtu na nimeona uteuzi ukimuua mwingine, na kwamba bado napiga kura, ila sina nguvu ya kumshawishi yeyote anifuate. Kisha nawauliza vipimo vya mtoto.

Baba alifariki mwishoni mwa mvua hizo. Tulimchimbia kaburi kando ya la mdogo wangu, udongo ukiwa mzito unaonata kwenye majembe, na wachimbaji walilazimika kuchota maji yaliyojaa shimoni mara kwa mara kabla ya jeneza kushushwa. Walikuja watu wa kanisa, majirani, na wazee wawili waliokuwa naye kwenye ushirika. Uchaguzi ulikuwa mbali, kwa hiyo hakufika mwanasiasa hata mmoja, si wa kuchaguliwa wala wa kuteuliwa. Mchungaji alisoma, tukaimba. Mama alishika mkono wangu akauachilia pale tu alipotakiwa kutupa udongo. Baadaye tulipika, watu wakala, wakaondoka mapema kabla mto haujafurika barabarani.