Raia wa Bel-Air

Jumapili ile naikumbuka hadi leo, mwanangu. Tulikuwa tumetoka misa, na bado sijavua viatu vyangu vya kanisani. Nilikuwa msichana wa sekondari. Nakusimulia kwa sababu ya maneno uliyoyasema jana mezani, tonge la bukari, ugali wetu, mkononi, kwamba wewe na wenzako wa moto, hizi pikipiki za abiria, mmewafukuza vijana wa Kasai wanaongoja wateja pale njia panda, na kwamba warudi kwao. Ulisema ukicheka. Niliondoa sahani kwa hasira. Leo imetulia kidogo. Kaa.

Jirani yetu hapa Bel-Air, mtaa wetu huu wa Lubumbashi, alikuwa Mwalimu Kabeya. Alikaa lupangu hii, kiwanja kinachopakana na chetu, ambayo wewe umezaliwa ukaikuta ya watu wengine. Babu yake aliletwa kutoka Kasai kujenga reli, kama babu yangu mimi alivyotoka kaskazini, upande wa Manono, kuja kuchimba shaba. Baba yake alizaliwa hapa. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa, akasoma hapa, akatufundisha hapa. Somo lake lilikuwa uraia. Alitufundisha kwamba raia ni raia popote anapolala katika nchi yake, na kwamba sheria kuu haimjui mwenyeji wala mgeni kati ya raia. Tuliandika, tukakariri, tukapata pointi nzuri. Tulidhani imekwisha.

Miaka ile, mwanzoni mwa tisini, wakubwa wa siasa wa Kasai na wa kwetu Katanga waligombana huko juu, na ugomvi wao ukashuka mpaka mitaani kwetu. Watu wakaanza kusema Wakasai wanakula sehemu yetu. Ukiuliza sehemu ipi, hakuna aliyekuonyesha.

Basi Jumapili hiyo wakaja vijana wengi na marungu. Hawakutoka mbali, mmoja wao nilikaa naye darasa moja. Wakamwita Mwalimu atoke, wakamwambia baada ya siku chache wasimkute. Alitoka na suti yake ya misa. Akawauliza kwa utulivu arudi wapi, kwa maana kwao ni hapa. Yule niliyesoma naye akamjibu akiangalia chini:

— Mwalimu, hatuna na maneno na weye. Rudia tu kwenu.

Mtaa mzima ulisikia. Madirisha yalifunguka kidogo, kisha yakafungwa.

Kesho yake Mwalimu akaenda kwenye ofisi ya serikali kuomba ulinzi. Mkubwa aliyempokea alikuwa mpole, akampa kiti, akamwambia sheria iko upande wake kabisa, ila yeye hana askari wa kuifikisha sheria hiyo Bel-Air. Nadhani upole huo ndio uliomuumiza zaidi. Angefukuzwa kwa matusi, angejua anapambana na nani.

Nilimwona akirudi kwa miguu, nikamkimbilia. Nikamwambia nimeongea na mama, waje kwetu, yeye na mke wake na watoto wao wawili, tuwafiche mpaka mambo yapoe. Nilitegemea aksanti. Aliniangalia kama alivyokuwa akimwangalia mwanafunzi aliyekosa swali rahisi.

— Mutoto yangu, mi siombi kimbilio. Mukimbizi njo anaomba kimbilio. Mi niko raia. Kama munataka kunisaidia, mutoke inje, musimame na mi pa lupangu, museme mbele ya bantu: huyu iko wa huku. Huruma yenu, leo munanipa, kesho munaweza kuikamata tena.

Nilifikisha maneno hayo nyumbani. Baba akasema ana watoto humu ndani. Mama alilia. Hakuna aliyetoka, si kwetu wala kwa jirani yeyote. Baba yangu amekwisha kufa na simsemi vibaya mbele za watu, lakini kumtetea katika hilo sijawahi.

Mwalimu na familia yake walihama kwenda stesheni, wakakuta umati wa watu kama wao, wanalala chini ya plastiki wakingoja treni ya Kasai. Mvua ilikuwa inanyesha. Wiki zikapita na treni haikuja. Mama Mbuyi, mke wa Mwalimu, akashikwa na kuhara, na mwili wake haukuweza. Tukamzika hapa Lubumbashi. Mimi na mama tulikuwepo. Mwalimu hakulia. Alisema polepole, kama anaongea peke yake:

— Huyu sasa iko wa huku kabisa. Nani ataweza kumufukuza?

Watu waliendelea kufukia kaburi.

Treni ilipokuja, akapanda na watoto wake kwenda nchi ya babu yake, ambayo hakuwahi kuiona. Baadaye wafanyabiashara waliotoka huko walituletea habari zake. Kumbe huko nako walimwita Mkatanga. Lugha yao ya nyumbani aliizungumza vibaya, watoto wakamcheka. Darasa la kufundisha hakupata. Akafa huko, akiwa mgeni mara ya pili.

Sasa tuje kwako. Nchi ikagawa mikoa upya, na sisi tulioamini tuko salama tukaambiwa kwamba kwa asili ni watu wa mkoa mwingine. Wewe ulipomaliza masomo ulikwenda kuomba kazi katika ofisi moja mjini. Bwana aliyekupokea hakuuliza unajua nini. Aliuliza kijiji cha mababu zako, halafu akakushauri ujaribu Kalemie, makao makuu ya mkoa mpya wa huko Manono. Kalemie, ambako hujakanyaga! Ulirudi ukaniuliza: «Mama, mi niko wa wapi?» Kazi hukupewa. Ndiyo maana leo unaendesha moto. Na swali lililokuchoma wewe, sasa unawachoma nalo wenzako njia panda.

Katiba tuliyo nayo leo nimeisoma, mwanangu. Inasema kila Mkongomani yuko huru kuishi na kutembea popote katika nchi yake. Ni maneno mazuri, na sitegemei kwamba yatasimama yenyewe. Mtaa wetu ulipofunga madirisha, tulikubali kwamba uraia ni ruhusa, na ruhusa ina mtu wa kuitoa na mtu wa kuinyang'anya. Hatukujua kwamba tunakubali hivyo kwa niaba yenu pia.

Kwa hiyo nakuambia hivi. Mtu akikosa, ashitakiwe kwa kosa lake. Kabila lake si kosa. Usipime haki ya mtu kwa kijiji cha babu yake. Na jirani yako akijiwa na watu wenye marungu, usimfiche tu. Toka nje ukaseme anakaa kwake, useme mapema, kabla hofu haijakushauri. Wale vijana wa Kasai, kesho waite warudi kufanya kazi pale, na uwaite mbele ya wenzako, kwa sauti. Watakucheka. Huenda wakakupiga. Sikudanganyi kwamba utashinda. Niliyemwona akisema kweli hakushinda.

Nenda na baraka zangu. Mungu akupe nyumba, akupe watoto, akupe uzee katika mji huu ulimozaliwa. Zaidi ya hayo simwombi, maana yaliyobaki alikwisha kuyaacha mikononi mwenu.