Pesa ya Halali

Watu hudhani gavana wa benki kuu huanzia kazi kwenye zulia. Mimi nilianzia juu ya boneti ya Landrova ya serikali, sokoni Busia, nimevaa suti nzito ya sufu niliyoinunua Kampala nilipomaliza shahada ya uchumi, jasho likinitiririka hadi ndani ya soksi. Ilikuwa miaka ya sitini. Ile shilingi moja tuliyotumia pamoja na majirani zetu ilikuwa inaondolewa ili kila nchi itoe yake. Benki kuu yetu, changa bado, ilinituma kwetu mpakani niwahimize watu wabadilishe noti zao kabla ya Ijumaa jioni. Nilikuwa kwenye kipindi cha majaribio kazini, na kichwa kilikuwa kimenivimba kama andazi.

Malaba nilimaliza kwa asubuhi moja, kwa kuwa hakuna aliyenisikiliza. Busia nilisikilizwa, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Nilishika kipaza sauti nikatangaza kwa Kiswahili changu cha vitabuni: "Baada ya Ijumaa, noti za zamani hazitakuwa halali! Noti mpya tu ndizo halali!" Nikarudia siku mbili, barabara yote mpaka Matayos. Foleni ya benki ilikuwa na wanaume wanne na mbuzi wa mtu.

Siku ya tatu mwenye bucha, mzee Mwislamu niliyemheshimu tangu utotoni, alinivuta kando, uso umemsawijika.

"Kijana, hii pesa imeanza kuwa haramu lini? Mimi nimetoa zaka nayo mwaka mzima."

"Hapana, mzee, si haramu. Ila tu haitakuwa halali."

Aliniangalia kwa huruma, akaenda zake.

Kisha mama. Mama yangu mzazi aliuza samaki, ngege wa kukausha, palepale sokoni, na nyumbani kwetu Burumba, katika kopo la biskuti chini ya kitanda, alikuwa ameweka akiba yake yote ya kununua mabati. Paa letu la nyasi lilikuwa linavuja hadi kitandani kwake. Nilipomuuliza kama amebadilisha zile noti, alinijibu bila kuinua macho.

"Hiyo ya halali ni ya watu ya msikiti. Kama nyama. Sisi watu ya kanisa tutabaki na yetu."

"Mama, si hivyo..."

"Na hii yangu iko na picha ya ziwa. Hiyo yako, samaki iko wapi?"

Nilikasirika. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, waulize makatibu wangu. Nilimpa mhadhara mzima mbele ya wateja: sijui mamlaka ya kutoa sarafu, sijui imani ya umma. Alisubiri nimalize.

"Umesoma mpaka umesahau kuongea," akasema, akampa mteja chenji.

Wanawake wa samaki walicheka mpaka wakashikilia meza. Mimi nilitaka kulia, na si kwa sababu ya kazi. Nilikuwa nayaona mabati ya mama yakigeuka karatasi ya kufungia samaki.

Kwa hasira nikatoa noti ya zamani mfukoni, nikamwambia anipe ngege mmoja. Akanipa.

"Jumamosi ukienda kununua sukari na hii noti," nikamwambia, "mwenye duka atasema nini?"

"Atasema nini?"

"Atakataa."

Mkono wake ulisimama. "Atakataa?"

"Kila duka litakataa."

"Sasa mbona hukusema hivyo? Siku tatu unapiga kelele na gari ya serikali, halali, halali, kumbe ni duka itakataa!" Akajifunga leso kiunoni. "Kaa hapa uangalie samaki."

Nikakaa na suti yangu nikauza samaki, tena vibaya. Yeye akazunguka soko lote bila kipaza sauti: "Jumamosi duka itakataa! Kimbia benki!" Kufikia saa nane foleni ilikuwa imepinda kona, mwenye bucha mbele, mama nyuma yake amekumbatia kopo la biskuti. Niliandika ripoti kwamba kampeni yangu ilifaulu, nikathibitishwa kazini.

Tangu hapo, kila taarifa niliyoandika, iwe ya riba au ya mfumuko wa bei, nilimsomea yeye kwanza. Palipomfanya akunje uso, nilifuta. Hakuna mwingine aliyejua. Miaka mingi baadaye nikateuliwa gavana, na mtangazaji wa redio akaniuliza ni nani aliyenifundisha uchumi. Nikamtaja, kwa madaha, profesa wangu wa Kampala.

Jumapili nilikwenda nyumbani. Nilijua nimekosea hata kabla ya kushuka garini, na niliona aibu. Mama alikuwa ameketi chini ya mabati yake, redio kando. Akanikaribisha, akanipakulia, akangoja nijaze mdomo.

"Huyo profesa," akasema, "alikuwa anauza samaki gani?"